Kuuza Hisa Usizo Nazo: Shoti Ni Nini, na Kwa Nini Hasara Yake Haina Kikomo

Siku hizi ukifungua simu hukosi tangazo la kukuambia kwamba unaweza kupata faida soko likipanda na pia soko likishuka. Nusu ya kwanza tunaielewa sote. Unanunua kitu bei ikiwa chini, unakiuza ikiwa juu. Hiyo ni biashara ambayo kila muuzaji wa Toi Market pale Kibera, ama wa vibanda vya Kawangware 46, anaijua bila kufundishwa. Ni ile nusu ya pili ndiyo inaleta maswali. Inawezekanaje mtu apate pesa bei ikishuka?

Inawezekana. Inaitwa kuuza hisa za kukopa, na kwa vile Wazungu wameipa jina fupi, sisi hapa tutaiita shoti. Usichanganye na shoti ya stima, ingawa zote mbili zinaweza kuunguza nyumba.

Tumeamua kuiandikia makala nzima kwa sababu moja. Zamani shoti ilikuwa mchezo wa watu wa benki na mifuko mikubwa ya uwekezaji. Leo iko kwenye simu, kitufe kimoja tu kando ya kile cha kununua, na pesa za kuichezea zinatoka kwenye pochi ile ile unayotumia kulipa kodi ya nyumba na kununua stoku. Kwa hivyo kabla hujakibonyeza, hebu tuelewane kinafanya nini.

Tuanze na vitunguu

Tuseme unauza vitunguu. Leo neti moja inauzwa Sh1,500. Umesikia kwamba malori mengi yako njiani na unaamini wiki mbili zijazo bei itashuka. Shida ni kwamba wewe huna vitunguu vya kuuza leo.

Jirani yako ana stoo. Unamwambia: "Nikopeshe neti moja. Baada ya wiki mbili nitakurudishia neti kama hii, saizi ile ile, na Sh100 ya shukrani." Anakubali. Unachukua neti, unaiuza siku hiyo hiyo kwa Sh1,500, pesa unaziweka.

Wiki mbili zinapita. Malori yamefika na neti sasa ni Sh1,000. Unanunua moja, unamrudishia jirani, unampa ile Sh100 yake. Umebaki na Sh400. Hukuwa na kitunguu hata kimoja ulipoanza, na bado umepata faida kwa sababu bei ilishuka.

Sasa geuza mambo. Malori hayakufika. Mvua imekata barabara na neti imepanda hadi Sh3,500. Jirani anataka neti yake. Huwezi kumwambia, "Shika hii Sh1,500 niliyouzia." Yeye hakukukopesha pesa, alikukopesha vitunguu, na anadai vitunguu. Itabidi uende sokoni ununue neti kwa Sh3,500. Umepoteza Sh2,000, na Sh100 ya shukrani juu yake.

Ukielewa hapo, umeielewa shoti. Deni lako ni bidhaa, na bei ya bidhaa hiyo wewe huidhibiti.

Sasa badala ya vitunguu weka hisa

Kwenye soko la hisa hatua ni zile zile:

1. Unakopa hisa kupitia dalali. Tuseme hisa 100 za kampuni ambayo kila hisa ni Sh30.
2. Unaziuza mara moja. Unapata Sh3,000, lakini pesa hizo kwa kawaida hukai nazo mfukoni. Zinashikiliwa kama dhamana, na unaongezea dhamana nyingine juu yake.
3. Unangoja bei ishuke.
4. Unanunua hisa 100 sokoni na kuzirudisha kwa mwenyewe.

Bei ikishuka hadi Sh22, utazinunua kwa Sh2,200. Tofauti ni Sh800, ukitoa gharama. Na gharama zipo. Kuna ada ya kukopa hisa, ambayo huongezeka kadiri unavyokaa nazo. Kuna ada ya dalali unapouza na tena unaponunua. Halafu kuna moja ambayo wengi huwa hawaitarajii: kampuni ikitoa gawio wakati umezikopa hisa, ni wewe unamlipa mwenye hisa gawio hilo. Yeye alikukopesha, hakukupa. Haki zake ziko palepale.

Kwa mfano, kwa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2024, Safaricom ilitoa gawio la jumla ya Sh1.20 kwa kila hisa. Aliye na hisa 100 alikuwa anapokea Sh120 kabla ya kodi. Aliyezikopa na kuziuza angekuwa *analipa* pesa hizo, kutoka mfukoni mwake.

Hasara yenye mwisho na hasara isiyo na mwisho

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Ukinunua hisa kwa njia ya kawaida, kwa Sh3,000, jambo baya zaidi linaloweza kutokea ni kampuni ianguke kabisa na hisa ziwe sufuri. Umepoteza Sh3,000. Inauma, lakini hesabu imefika mwisho. Hakuna mtu atakayekupigia simu kudai zaidi. Faida nayo haina kikomo, kwa sababu bei inaweza kupanda mara mbili, mara tano, mara kumi.

Kwenye shoti ni kinyume chake kabisa. Faida ndiyo yenye mwisho. Bei haiwezi kushuka chini ya sufuri, kwa hivyo hata kampuni ikifa kabisa, kiwango cha juu utakachopata ni ile Sh3,000 uliyouzia. Hasara ndiyo haina mwisho. Tazama:

- Bei ikifika Sh45, utanunua kwa Sh4,500. Hasara Sh1,500.
- Ikifika Sh60, utanunua kwa Sh6,000. Hasara Sh3,000, sawa na pesa zote ulizouzia.
- Ikifika Sh90, utanunua kwa Sh9,000. Hasara Sh6,000.
- Ikifika Sh150, hasara ni Sh12,000.

Na hakuna sheria inayosema bei itasimama hapo. Unaweza kuingia ukitafuta Sh800 na kutoka ukidaiwa mara kumi na tano ya hiyo. Ndiyo maana tunasema anayeanza asichukulie shoti kama "kununua kwa kinyume". Ni aina nyingine kabisa ya hatari.

Hata ukiwa sahihi, unaweza kupoteza

Wengi hudhani kazi ni moja tu: kujua kampuni gani itashuka. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua *lini*.

Hebu tuangalie hisa ambayo karibu kila Mkenya anaijua. Mwanzoni mwa 2020, hisa ya Safaricom ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi kidogo ya Sh30. Mwaka 2023 ilikuwa imeshuka chini ya Sh15. Mtu akikuonyesha tarehe hizo mbili peke yake, atakuambia shoti hapo ilikuwa pesa za bure.

Lakini katikati kulikuwa na Agosti 2021, ambapo hisa hiyo ilipita Sh40. Aliyeuza shoti kwa Sh30 angeshuhudia hasara ya zaidi ya Sh1,000 kwa kila hisa 100, na dalali akimtaka aongeze dhamana. Wakati huo huo angekuwa analipa ada ya kukopa, na gawio ambalo katika miaka hiyo lilikuwa zaidi ya Sh1 kwa hisa kila mwaka. Je, ungeweza kubeba mzigo huo miaka mitatu, ukisubiri siku ya kuthibitishwa kwamba ulikuwa sahihi? Watu wengi hufukuzwa sokoni kabla siku hiyo haijafika. Na mwaka 2025 hisa hiyo hiyo ilikuwa imerudi juu ya Sh25.

Mfano wa nyumbani: shilingi ya 2024

Kuna shoti moja ambayo Wakenya wengi waliikaribia bila kuiita kwa jina hilo.

Mwishoni mwa Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa imepita Sh160. Shilingi ilikuwa imeshuka kwa muda mrefu mfululizo, na wengi waliamini itaendelea tu kushuka. Serikali ilikuwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2 la kulipwa Juni mwaka huo, na watu walijiuliza litalipwa na nini. Wenye uwezo walikimbilia kununua dola na kuzifungia.

Sasa fikiria mtu aliyekopa Sh160,000 ili anunue dola. Huyo amepiga shoti shilingi: amekopa shilingi, ameziuza, na anategemea kuzinunua tena zikiwa rahisi. Akapata dola 1,000.

Februari 2024 serikali ikauza Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia pesa hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu ikapungua. Shilingi ikageuka ghafla. Kufikia mwisho wa Machi, dola ilikuwa karibu Sh131. Zile dola 1,000 sasa zilikuwa Sh131,000. Deni lilikuwa bado Sh160,000, pamoja na riba. Shimo la Sh29,000 ndani ya miezi miwili, kwa jambo ambalo Januari lilionekana wazi kabisa.

Funzo ni hili: wakati kila mtu ana uhakika kitu kitashuka, waliouza wameshauza. Habari njema moja ikitokea, wote wanakimbilia mlango mmoja kununua, na bei inapanda kwa kasi kuliko ilivyoshuka.

Je, shoti iko kwenye soko la Nairobi?

Kisheria, ndiyo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ile tunayoiita CMA, ina kanuni za mwaka 2017 zinazohusu kukopesha hisa, kukopa hisa na kuuza shoti. Julai 2019 Soko la Hisa la Nairobi, NSE, lilifungua pia soko la mikataba ya baadaye, ambapo mtu anaweza kuweka msimamo kwamba bei ya hisa fulani itashuka bila kukopa hisa yenyewe.

Lakini soko letu ni dogo. Kampuni zilizoorodheshwa ni sitini na kitu tu, na nyingi kati yake hisa zake huuzwa kwa nadra. Kwa anayenunua na kuweka, hilo si tatizo kubwa. Kwa aliyekopa hisa na anayehitaji kuzinunua tena haraka, ni hatari. Kuna mambo matatu ya kujua.

*Bei inaweza kuruka kwa tangazo moja.* Oktoba 2018, kampuni ya Ufaransa, Rubis, ilitangaza kwamba inataka kuinunua KenolKobil yote kwa Sh23 kwa hisa, bei ya juu sana kuliko iliyokuwa sokoni mwezi huo. Aliyekuwa na hisa alifurahi. Ambaye angekuwa amezikopa na kuziuza angeamka akiwa ndani ya shimo, na hakuna chati ambayo ingemwonya.

*Soko lina kikomo cha siku.* Kwa kawaida bei ya hisa kwenye NSE hairuhusiwi kupanda ama kushuka kwa zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja. Inasikika kama ulinzi. Lakini hisa ikifika kikomo cha juu na hakuna anayeuza, wewe uliyekopa huwezi kununua. Unangoja kesho, na kesho inapanda tena.

*Hisa inaweza kufungiwa.* Julai 2020 hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa zikiwa Sh3.83. Zilifunguliwa tena Januari 2025. Miaka minne na nusu hakuna kununua wala kuuza. Na zilipofunguliwa, bei ilipanda kwa kasi. Fikiria uko na deni la hisa ambazo haziuzwi popote, na ada ya kukopa inaendelea kuhesabiwa.

Kitufe kilicho kwenye simu yako

Kwa kweli, wateja wetu wengi wa Kibera na Kawangware hawatakutana na shoti kupitia NSE. Watakutana nayo kupitia programu za simu za kununua na kuuza fedha za kigeni, dhahabu, mafuta na hisa za kampuni za Marekani. Unaweka pesa kutoka kwa simu, unapata skrini yenye vitufe viwili, kununua na kuuza. Hukuulizwa kama unamiliki hisa hiyo. Ukibonyeza cha kuuza kabla hujanunua, umepiga shoti.

Ndani ya programu hizo hakuna hisa inayokopwa kwa ajili yako. Unaingia mkataba na kampuni ile kwamba mtalipana tofauti ya bei. Ikishuka, wanakulipa. Ikipanda, unawalipa.

Kinachofanya mambo yawe moto zaidi ni nguvu ya mkopo. Tuseme umeweka Sh2,000 na kampuni inakuruhusu kutumia mara kumi yake. Unauza hisa za thamani ya Sh20,000. Bei ikishuka asilimia 5, umepata Sh1,000, nusu ya mtaji wako. Utamu huo ndio huwa kwenye matangazo. Lakini bei ikipanda asilimia 5, nusu ya mtaji imeenda. Ikipanda asilimia 10, Sh2,000 yote imeisha. Hisa kupanda asilimia 10 wala si ajabu ya dunia, hutokea. Na kampuni nyingi haziwezi kungoja ufike sufuri. Mtaji ukipungua hadi kiwango fulani, zinakutaka uongeze pesa ama zinakufungia biashara zenyewe, hapo hapo, kwa bei iliyopo.

Utaambiwa uweke agizo la kujitoa, yaani bei ikifika mahali fulani programu ikutoe. Weka, ni jambo zuri. Lakini usilitegemee kama ukuta. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa za Nairobi, na hufungwa saa tano usiku. Kule wakiwa kwenye majira ya baridi, ongeza saa moja. Kampuni ikitoa habari usiku wewe umelala, kesho yake bei inaweza kufunguka mbali sana juu ya pale ulipoweka agizo lako. Utatolewa, ndiyo, lakini kwa bei hiyo mpya.

Je, watu wa kawaida hufanyaje kwenye mikataba hii? Mwaka 2018 msimamizi wa masoko wa Umoja wa Ulaya alitangaza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida hupoteza pesa, na tangu hapo kampuni za kule zinalazimika kuandika asilimia ya wateja wao wanaopoteza. Hiyo ni Ulaya, na hesabu hiyo inajumuisha wanaonunua na wanaouza. Lakini kumbuka: kwa kila watu kumi, angalau saba walitoka na pesa pungufu ya walizoingia nazo.

Wakubwa nao waliungua

Usifikiri ni wageni tu wanaoumia.

Oktoba 2008, wawekezaji wengi walikuwa wamepiga shoti hisa za Volkswagen, kampuni ya magari ya Ujerumani. Jumapili tarehe 26, Porsche ikatangaza kwamba, ukihesabu na mikataba yake, inashika asilimia 74 ya hisa hizo. Jimbo la Lower Saxony lilikuwa na karibu asilimia 20. Zilizobaki sokoni zilikuwa chache kuliko zilizokopwa. Waliokopa wakagombania hizo chache. Bei ikatoka kama euro 210 siku ya Ijumaa hadi kupita euro 1,000 Jumanne iliyofuata. Kwa muda mfupi Volkswagen ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, na haikuwa imeuza gari hata moja la ziada.

Januari 2021 ikawa zamu ya GameStop, kampuni ya Marekani inayouza michezo ya video madukani. Mwezi ulianza hisa ikiwa chini ya dola 20. Mifuko mikubwa ilikuwa imepiga shoti. Maelfu ya wawekezaji wadogo wakajikusanya mtandaoni na kununua. Tarehe 28 Januari bei iligusa dola 483. Mfuko mmoja, Melvin Capital, ulipoteza asilimia 53 ya thamani yake mwezi huo mmoja, na mwaka uliofuata ukafunga. Hao walikuwa na wachambuzi, wanasheria na mabilioni.

Ili tuwe wa haki, shoti si wizi. Wanaoifanya vizuri mara nyingine hufichua uoza. Kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilishukiwa na wapiga shoti kwa miaka mingi. Februari 2019 msimamizi wa soko wa kule hata alipiga marufuku kwa muda shoti mpya dhidi yake. Juni 2020 ikabainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa kwenye vitabu hazikuwepo, na kampuni ikaanguka. Wapiga shoti walikuwa na haki. Lakini hiyo ni kazi ya kuchimba miezi na miaka, si ya kubonyeza simu ukiwa kwenye matatu.

Kabla hujabonyeza

Pesa nyingi zinazopita kwenye simu zetu mtaani zina kazi tayari. Sh5,000 unayoiona asubuhi ni ya kununua nyanya na sukumawiki kesho alfajiri. Sh8,000 ya tarehe tatu ni ya mwenye nyumba. Nyingine ni ya chama na si yako peke yako. Kwa hivyo tunakuomba ujiulize maswali haya:

Pesa hizi zikipotea zote leo, nani atalala njaa ama nani nitamdanganya? Kama kuna jibu, si pesa za shoti. Na usipige shoti kwa pesa za mkopo wa simu hata siku moja. Hapo utakuwa na madeni mawili, moja lina riba na lingine halina kikomo.

Kampuni hii ina leseni? CMA huchapisha orodha ya madalali wa hisa na wa fedha za kigeni waliopewa leseni hapa Kenya. Tafuta jina lenyewe hapo, herufi kwa herufi. Kuwa na namba ya Paybill si leseni.

Ni nani anayeniita? Mtu wa WhatsApp ama Telegram anayesema umtumie pesa kwa namba yake binafsi akufanyie biashara, akiahidi faida ya kila wiki, hapigi shoti yoyote. Anakupiga wewe. Na hakuna dalali wa kweli anayehitaji namba yako ya siri ya pesa za simu.

Nimejaribu bila pesa? Programu nyingi zina akaunti ya mazoezi. Kaa nayo miezi mitatu. Andika kwenye daftari kila biashara, pamoja na ada. Kama kwa pesa za mchezo unapoteza, kwa pesa za kweli utapoteza haraka zaidi, kwa sababu mkono utakuwa unatetemeka.

Na kama hamu yako ni kujifunza hisa, kuna mlango ulio salama zaidi. Tangu Agosti 2025 NSE inaruhusu kununua hata hisa moja, si lazima mia moja kama zamani. Unaweza kuanza na pesa ya chai na mandazi, ukamiliki kipande cha kampuni, ukaona gawio linavyokuja na bei inavyopanda na kushuka. Ukikosea, umepoteza hiyo hiyo, basi.

Swali moja la mwisho

Anayekushawishi kupiga shoti atakuambia utapata ngapi. Wewe muulize kitu kingine: "Nikiwa nimekosea kabisa, hasara yangu itaishia shilingi ngapi?"

Kwa aliyenunua hisa za Sh3,000, jibu ni rahisi, ni Sh3,000. Kwa aliyepiga shoti, jibu linategemea dhamana, agizo la kujitoa, habari za usiku, na masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kuhusu nani analipa mtaji ukipita sufuri. Kama huwezi kulijibu kwa namba, na kama anayekushawishi naye anababaika, funga programu. Soko litafunguliwa tena kesho, na pesa zako bado utakuwa nazo.